Anza na Mguu: Wiki ya Makangaga katika Misitu ya Vermont

Jumamosi: bondeni, Mto Winooski

Likizo imeanza na mvua imekubali kupisha. Asubuhi nimempitia Mama, jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Burlington, mzaliwa wa Bukavu aliyekaa Kinshasa miaka mingi kabla ya kuhamia Marekani. Yeye anatafuta mboga, mimi natafuta majina ya makangaga, ile mimea isiyotoa maua. Mahali pa kuridhisha haja zote mbili ni moja tu: kingo za Mto Winooski.

Mwaka huu baridi imechelewa kuondoka. Tuko wiki ya pili ya Mei, lakini miepo, ile miti ambayo wenyeji huigema utomvu wa sukari kila Machi, ndiyo kwanza inatoa maua na bado haina majani. Kwa hiyo jua linapenya mpaka chini. Baada ya wiki tatu hivi kivuli kitafunga msitu mzima, na kila mmea wa chini unaotaka mwanga unajua hivyo. Ndiyo maana kila kitu kinachipuka kwa haraka.

Bonde hili hufurika. Julai 2023 mto ulivamia mashamba ya Intervale ukaacha tope jepesi kila mahali. Mkulima alihuzunika, ila kangaga la mbuni, kwa Kilatini Matteuccia struthiopteris, hupenda udongo wa namna hiyo hiyo. Tumelikuta limetanda chini ya miti, shina baada ya shina, kila shina likisukuma machipukizi matano, sita, saba. Kila chipukizi limejiviringa kama ukili uliokunjwa kusubiri mshonaji wa mkeka.

Mama ameinama, ametazama, amekataa.

"Hii haiko misili, mwanangu. Misili inatokaka kimoja-kimoja. Hii inakaa familia nzima pamoja."

Amesema kweli, na kwa maneno machache ametoa somo ambalo vitabu vingi hulichelewesha. Misili anayoizungumzia, ile inayouzwa kwa mafungu katika masoko ya Kinshasa, ni machipukizi ya jamii nyingine kabisa, Pteridium, ambayo shina lake husafiri chini ya ardhi na kuchomoza jani moja hapa, jingine pale. Hili la mbuni hukaa kwenye kisiki kifupi kilichosimama, na majani yake hutoka kwa duara.

Basi tumepiga magoti. Chipukizi la mbuni ni la kijani, halina nywele hata moja, ila limefunikwa ngozi nyembamba za kahawia zinazopukutika ukipitisha kidole. Upande wa ndani wa kikonyo kuna mfereji mrefu wenye kina, unaoweza kuusikia kwa ukucha gizani. Mfereji, ngozi zinazopukutika, kutokuwa na nywele: yakikutana yote matatu, umefika. Ukitaka shahidi wa nne, tazama katikati ya kisiki. Pale pamesimama majani ya mwaka jana yaliyobeba spora (vumbi ambalo makangaga huzaliana kwalo), meusi, magumu, mafupi, kama manyoya ya mbuni yaliyochomekwa ardhini. Ndiko jina lilikotoka. Majani hayo hushikilia spora majira yote ya baridi, kisha huziachia theluji inapoyeyuka. Nimelitikisa moja juu ya karatasi nyeupe, likamwaga vumbi la kijani. Spora za makangaga mengi ni za kahawia na huweza kulala miaka. Hizi za kijani zina klorofili tayari, na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo lazima zitue kwenye tope bichi mara moja.

Mwenye shamba alituruhusu kuchuma, kwa sharti tuchukue machache kwa kila kisiki. Mama amechukua mawili mawili. Nimemsisitizia mapishi: kuchemsha dakika 15, maji ya kuchemshia yamwagwe, ndipo uunge. Mwaka 1994 watu kadhaa wa New York na magharibi mwa Kanada waliugua tumbo vibaya baada ya kula machipukizi haya mabichi au yaliyopitishwa motoni kidogo tu. Mama amenitazama kwa huruma. Kwao, ameniambia, hakuna mtu mwenye akili anayekula jani la porini bila kulichemsha.

Jumapili: Mlima Philo

Nimekuja peke yangu. Mama yuko kanisani. Mlima Philo ni kilima tu, mita 295, katika mji wa Charlotte. Ndio hifadhi ya kwanza kabisa ya jimbo la Vermont, tangu 1924. Ukiwa juu unaliona Ziwa Champlain na milima ya New York ng'ambo. Sikukaa sana huko. Makangaga yapo ubavuni, penye mawe.

Siku moja tu imetosha kunionyesha kwa nini misitu ya majira ya kuchipua inafaa kujifunzia. Vitabu vya kutambua makangaga huanza na umbo la jani: limegawanyika mara moja, mara mbili au mara tatu? Swali zuri, la Julai. Mwezi Mei jani bado limefungwa, na hapo mtu huachwa na kitu kimoja tu cha kukisoma, nacho ni kikonyo, mguu wa mmea. Kumbe mguu ndio unaosema ukweli zaidi. Jani hubadilika kwa kivuli, kwa ukame, kwa umri. Mavazi ya mguuni hayabadiliki: ama ni magamba, ama ni nywele, ama ni sufu, ama ni uchi.

Magamba ni vipande bapa vyenye upana, hata kama ni vyembamba. Nywele ni uzi tu. Kwa kioo cha kukuzia mara kumi tofauti huonekana papo hapo.

La kwanza njiani lilikuwa kangaga la Krismasi, Polystichum acrostichoides, ambalo halipotezi rangi wakati wa baridi. Majani ya mwaka jana yamelala chini yakiwa yamebanwa na theluji ya miezi, bado kijani kibivu, na katikati yake yameinuka machipukizi yenye magamba ya fedha tele, mpaka mtu angedhani yameota mvi. Vijani vyake, yaani vipande vidogo vinavyounda jani, vina sikio dogo kwenye shina la kila kimoja, upande wa juu. Hilo sikio likionekana hata kwenye jani lililochakaa, hakuna haja ya kuendelea kuuliza.

Hatua chache juu, kwenye mwamba, Dryopteris marginalis. Nalo hubaki kijani, ila rangi yake ina ubuluu, na machipukizi yamevaa magamba ya dhahabu iliyokolea, mazito, kiasi kwamba chipukizi zima huonekana kama la kahawia. Ukiligeuza jani la zamani utaona vifuko vya spora vimejipanga pembezoni kabisa, kwenye kingo za kila kipande cha jani. Jina lake la Kilatini linasema hivyo hivyo, na kwa mara moja wataalamu wametoa jina linalosaidia.

Kisha nimefika mahali ambapo udongo ni mweusi, maua ya triliamu mekundu yamefunguka na vitunguu mwitu vimejaa. Udongo wa aina hiyo una chokaa, na penye chokaa nilitarajia Adiantum pedatum. Limekuwepo. Machipukizi yake hayafanani na ya mwingine yeyote: vikonyo vyembamba, laini, vya rangi ya zabibu nyeusi, vinachomoza vikiwa vimeinamisha vichwa vidogo vyekundu. Baadaye kila kikonyo kitagawanyika pande mbili na kutandaza majani yake kwa duara lililo bapa. Nimekaa pale kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Wale wa kwetu Usambara wanazo ndugu zake kwenye kuta za mawe zenye maji. Mimi niliyekulia Muheza, chini ya msitu wa Amani, nimepita mbele yake utoto mzima bila kuinama.

Visubi wameniondoa. Hawa ni wadogo, weusi, na huingia machoni.

Jumatatu: mvua

Mvua ya siku nzima. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kuona hazina ya mimea iliyokaushwa katika Chuo Kikuu cha Vermont, inayoitwa kwa jina la Cyrus Pringle. Ina vielelezo zaidi ya 300,000. Agosti 2017 jumba la Torrey lilimokuwa liliwaka moto paani, na wafanyakazi waliokoa karibu kila kitu.

Pringle alizaliwa Charlotte mwaka 1838, pale pale nilipokuwa jana. Alikuwa Mkwekeri, mfuasi wa dhehebu la Kikristo linalokataa vita. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliitwa jeshini. Akakataa kubeba bunduki na akakataa kulipa fedha ya kujikomboa. Askari walimlaza chini wakamfunga mikono na miguu kwenye vigingi. Mwishowe Rais Lincoln mwenyewe aliingilia kati, naye akarudi nyumbani. Baadaye alizunguka Meksiko kwa miaka mingi akikusanya mimea, na kabla ya hapo alikusanya mimea ya milima hii ya nyumbani kwao. Karatasi zake ni safi ajabu. Jani limetandazwa, mzizi umeoshwa, na, jambo lililonifurahisha, kikonyo kimeachwa kizima mpaka chini kabisa. Wakusanyaji wengi hukata juu ya udongo na kupoteza nusu ya ushahidi.

Nimeonyeshwa pia Adiantum viridimontanum. Hili lilielezwa kuwa spishi mwaka 1991 na Cathy Paris wa chuo hiki hiki. Lilitokana na ndugu wawili, A. pedatum niliyoiona jana na A. aleuticum, kuzaana, kisha mtoto kuzidisha maradufu kromosomu zake, nyuzi za urithi ndani ya seli, na kuweza kujizalia mwenyewe. Huota kwenye miamba ya serpentini, yenye magnesiamu nyingi na metali zinazoiua mimea mingi. Miamba hiyo ndiyo iliyochimbwa asbesto huko kaskazini mwa Vermont mpaka miaka ya 1990. Kwa macho, jani lake na la A. pedatum yakilala pamoja kwenye karatasi, mtu wa kawaida ataona moja. Hapa mguu peke yake hautoshi, nakubali. Wataalamu walihitaji kuhesabu kromosomu.

Jumanne: kinamasi

Buti za mpira. Mama amekuja tena, amefunga kitenge juu ya suruali ya mvua, na fimbo mkononi.

Kinamasi hiki kiko kaskazini ya mji, na kimejaa jamii moja ya zamani sana, Osmundaceae. Visukuku vya jamii hii vya enzi ya Jura vimepatikana kusini mwa Uswidi, vimehifadhiwa na maji ya moto ya volkano hata viini vya seli vikaonekana. Watafiti walitangaza mwaka 2014. Umri wake ni kama miaka milioni 180. Shina lile la kale halitofautiki sana na haya tunayoyakanyaga leo.

Hapa hakuna magamba hata ukitafuta. Ni sufu. Osmundastrum cinnamomeum hutoa machipukizi manene, makubwa kuliko yote tuliyoyaona, yamefunikwa sufu nyeupe ambayo siku zikienda hugeuka rangi ya mdalasini. Ndege kolibri wa huku huichuma kutandika viota. Ndugu yake, Claytosmunda claytoniana, huvaa sufu hiyo hiyo, na hapo ndipo kazi ilipo. Watu wengi husubiri hadi Juni: la mdalasini hutoa spora kwenye jani la pekee lililosimama katikati, na la pili huziweka katikati ya jani la kawaida, vijani vichache vyeusi kati ya vya kijani, kana kwamba jani limekatizwa. Lakini leo baadhi yake yamefunguka nusu, na kwenye machipukizi ya Claytosmunda tayari unaviona vile vijani vyeusi vimekunjamana katikati ya jani. Penye hilo, huhitaji Juni. Pasipo hilo, subiri. Mimi nimeandika "mojawapo ya mawili" kwenye daftari na kusonga mbele bila aibu.

Mama ameuliza kama haya yanaliwa. Nimemwambia watu husema ni machungu na yana nyuzi. Ameonja kipande kwa ncha ya ulimi, ametema, ameendelea na safari.

La tatu la ukoo huo limesimama ndani ya maji: Osmunda, lile la kifalme. Machipukizi yake ni mekundu ya damu ya mzee, laini, sufu kidogo tu inayotoweka mapema. Nimelikazia macho kwa sababu Osmunda regalis ipo pia Afrika, kando ya vijito vya nyanda za juu. Lile la Marekani sasa wataalamu wengi hulitenga kuwa spishi yake, O. spectabilis. Kwa jicho langu ni ndugu wa tumbo moja.

Ukingoni mwa kinamasi limetapakaa Onoclea sensibilis. Jani lake hufa kwa baridi ya kwanza ya vuli, ndiyo maana likaitwa lenye hisia. Sasa lina machipukizi membamba ya rangi ya waridi iliyopauka, moja moja, bila duara. Shina lake hutambaa. Ila la kulijulia kwa haraka ni kijiti cha mwaka jana, kikavu, cheusi, chenye vishanga vilivyojipanga. Ndani ya kila kishanga mna spora. Mama amechuma viwili vitatu kuweka kwenye chupa ya maua. Nimemtangulia nyumbani nikiangalia kupe kwenye soksi. Wa huku hubeba ugonjwa wa Lyme, na chipukizi la Mei na kupe wa Mei hutoka pamoja.

Jumatano: Smugglers' Notch

Huu ni mpenyo kati ya Mlima Mansfield na jirani yake. Jina lake linatokana na magendo: mwaka 1807 serikali ya Marekani ilipopiga marufuku biashara na nchi za nje, watu wa kaskazini mwa Vermont walipitisha ng'ombe na bidhaa hapa kwenda Kanada. Barabara hufungwa majira yote ya baridi, na bado lango lilikuwa limefungwa, kwa hiyo nimepanda kwa miguu. Barafu bado ipo kwenye nyufa za kaskazini. Juu ya kuta za mwamba kozi wameanza kutaga, na baadhi ya njia za wapanda miamba zimezuiwa kwa ajili yao.

Chini kule bondeni machipukizi ya mbuni yalikuwa yamefika goti. Hapa, mita zipatazo 660 juu ya bahari, hakuna chipukizi hata moja lililoamka. Mtu aliyekosa kangaga wiki iliyopita Burlington angekuja hapa wiki ijayo na kulikuta linaanza. Ni kama kurudisha kalenda nyuma kwa kupanda.

Yaliyoonekana ni yale yasiyolala. Polypodium virginianum limetanda juu ya majabali, majani magumu yanayojikunja yakikauka na kufunguka tena mvua ikinyesha. Vifuko vyake vya spora viko wazi chini ya jani, mviringo, havina kifuniko, tofauti na Dryopteris ambayo kila kirundo kina mwavuli wake. Kwa kioo nimeona vifuko vya mwaka jana vimepasuka. Kila kimoja kina mstari wa seli zenye kuta nene mgongoni. Seli hizo zikipoteza maji, mstari hujipinda kinyumenyume na kukipasua kifuko. Maji yaliyobaki ndani yakikatika ghafla, mstari hurudi kwa nguvu na kurusha spora hewani. Mmea hauna misuli wala ubongo, na umebuni manati.

Niliyoyataka hasa, yale madogo ya kwenye nyufa zenye chokaa ambayo Pringle aliyafuata huku, sikuyafikia. Mwamba umelowa, maji yanadondoka, na mimi si mbuzi. Nimekula mkate nikiutazama ukuta kwa darubini.

Alhamisi: mchanga wa Colchester

Siku ya mwisho tumeifanya fupi. Mama alitaka kuona kama huku misili ipo, nami nilijua pa kumpeleka: kwenye misonobari iliyoota juu ya mchanga mkavu, tabaka lililoachwa na maji ya kale ya barafu kuyeyuka. Jua hupasha mchanga huo mapema.

Njiani tumepita zulia la Dennstaedtia punctilobula, laini, majani yake ukiyasugua yananukia majani makavu ya malisho. Kikonyo kina nywele, hakina gamba. Paa hawalili, na pale paa walipozidi, ndilo linalobaki na kufunika sakafu yote ya msitu hadi miche ya miti ishindwe.

Kisha Mama akasimama. Akanyoosha fimbo.

"Hii. Hii ndiyo misili."

Chipukizi moja, refu kama shibiri, limetoka mchangani peke yake, na hatua mbili mbele jingine, na jingine. Ncha imegawanyika mara tatu, kila kichwa kimejikunja ndani kama kucha za mwewe. Nimepiga magoti na kioo: nywele za fedha na kahawia, gamba hakuna. Pteridium aquilinum, jamii ile ile inayovamia miteremko ya Usambara na Kilimanjaro baada ya moto.

Nimemweleza ninayoyajua. Mmea huu una ptakwilosidi, kemikali iliyowaletea ng'ombe uvimbe wa kibofu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Wajapani huuloweka kwenye maji ya majivu kabla ya kuupika, na hilo hupunguza sumu sana lakini haliimalizi yote.

"Na sisi tunachemsha, tunamwaga, tunachemsha tena," amesema. "Halafu mawese, na samaki mkavu."

"Hata hivyo, Mama."

"Sawa. Nimekusikia." Amechuma machipukizi kumi na mbili hivi, ameyafunga kwenye pindo la kitenge. "Wewe utakula ile ya mbuni. Hii ni ya mgeni wangu wa Jumapili, anatoka Kinshasa, hajaionja miaka tisa."